Mkia wa Ndege ya Mzee Delmiro

Asubuhi nzima ya Alhamisi Mpelelezi Hilarión Chuquimia alikuwa amelala chali chini ya mkia wa ndege, na kitu pekee tulichoweza kukiona ni viatu vyake. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vimeng'arishwa huko huko La Paz, milimani. Hapa kwetu mbugani, Trinidad ya Beni, viatu vya namna hiyo huvaliwa na wagombea ubunge na maiti.

Kilicholetwa bandani kwa fundi Casiano Noza ni mkia peke yake. Sehemu nyingine ya ndege ilikuwa bado mbugani, kati ya vichuguu, tai wamekaa juu ya mabawa yake kama ni mali yao. Mkia ulikatwa kwa msumeno, ukapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ukavushwa mto kwa mashua, na sasa ulilazwa juu ya mapipa manne.

"Nipe tochi, fundi," sauti ilitoka chini.

"Tochi ya nini, bwana mkubwa? Andika tu. Ni mimi."

"Nimeomba tochi. Sijaomba ungamo."

Noza akampa tochi. Alikuwa mtu mfupi, amepita hamsini, mikono mikubwa kuliko mwili aliopewa. Siku sita hizi alikuwa hajanyoa ndevu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa iliyopita mzee Delmiro Cuéllar, rubani wa ndege yake mwenyewe ya injini moja, aliruka kutoka ranchi ya San Crispín akiwa na abiria mmoja, mwalimu wa shule. Baada ya robo saa mkia ulianza kutetemeka. Bawa dogo la mkiani, la upande wa kushoto, likalegea na kuanza kupigapiga kama mlango wa choo. Mzee akapunguza injini, akatafuta kipande cha ardhi kilichoinuka juu ya maji, akatua kwa nguvu. Akavunjika mtulinga na mbavu mbili. Mwalimu aling'oka jino moja ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, tayari lilikuwa likimsumbua.

Siku kumi na moja kabla ya hapo, fundi Noza aliukagua mkia huo huo na kuugongea muhuri kwamba ni mzima.

Kwa hiyo ofisi ya ajali za ndege ya La Paz ilikuwa imempa Chuquimia karatasi. Ilikuwa ndani ya koti lake, imepigwa chapa tayari, ikimvua Casiano Noza ruhusa ya kugusa ndege yoyote maisha yake yote. Ilingoja sahihi tu. Kesho saa sita mchana mpelelezi alete sababu nyingine, au aitie sahihi.

"Hii rangi nyekundu ni ya nini?" Chuquimia aliuliza.

"Ipi?"

"Hapa kwenye kishikizo cha bawa dogo. Mstari mwembamba. Umetoka kwenye kichwa cha boliti, umeshuka mpaka kwenye chuma."

Noza akakohoa. "Rangi ya kucha."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

Viatu vikatulia. "Mkeo anapaka ndege kucha?"

"Napaka mimi! Nikimaliza kukaza boliti napitisha mstari. Siku nyingine nikikuta mstari umekatika, najua boliti imezunguka. Mafundi wote wa hapa tunafanya hivyo. Wake zetu wanalalamika."

"Uliipaka lini hii?"

"Tarehe kumi na saba. Siku ya ukaguzi."

"Ilikuwa nzito au nyepesi?"

"Nyepesi. Huwa naongeza tone la spiriti ili ikauke haraka. Inakuwa kama maji."

"Maji yakikuta ufa yanafanyaje?"

"Yanaingia," alisema Noza. Chuquimia akajivuta nje kwa taabu, maana tumbo lake lilikuwa na maoni yake juu ya kazi hiyo, akampa fundi kioo cha kukuzia.

"Haya, lala wewe. Ufa umeupita mstari wako katikati. Nimeupanua kidogo kwa bisbisi. Chungulia ndani, uniambie unaona nini."

Fundi akalala. Alichungulia kwa muda mrefu, mpaka mpelelezi akapata nafasi ya kula mkate mmoja wa jibini na muhogo aliopewa na mke wa fundi, kisha wa pili.

"Hamna nyekundu," Noza alisema taratibu.

"Hamna hata tone. Kingo za mstari zimekatika kavu, kama sahani. Ulipopaka rangi, ufa haukuwapo."

Noza akatoka chini ya mkia, akaketi sakafuni. "Kwa hiyo si mimi?"

"Polepole. Nimesema tarehe kumi na saba ufa haukuwapo, na tarehe ishirini na nane ulikuwapo. La Paz wataniuliza, umetoka wapi? Nisipojua, mzigo anabebeshwa aliyegonga muhuri mwisho. Ndivyo wanavyofanya kazi ofisini kwetu. Ni rahisi na haichafui mikono."

Akarudi kwenye mkia, safari hii kwa kupiga magoti. Alipitisha vidole kwenye ukingo wa mbele wa bawa dogo, polepole, kama mtu anayetafuta miiba kwa mtoto. Karibu na ncha vidole vikasimama.

"Kuna bonde hapa. Upana wa vidole viwili. Juu limeingia, chini halikuingia. Na kishikizo kimepinda kuelekea wapi?"

"Chini," alisema Noza.

"Chini. Kitu kimelivuta bawa hili kwenda ardhini, polepole na kwa nguvu nyingi. Lingegonga kitu, bati lingechanika. Hapa halijachanika, limekunjwa."

Kutoka kwenye mkunjo wa bati alichomoa kitu kwa kibano kidogo cha nyusi, akakiweka juu ya karatasi nyeupe. Zilikuwa nywele. Alihesabu saba, fupi na ngumu, tatu nyeusi na nne nyekundu kama kutu.

"Ng'ombe," alisema Noza, ambaye hakuhitaji kioo. "Tena mwenye mistari. Siku hizi mbugani kote wamejaa wale weupe wenye nundu. Wa mistari ni wa kizamani, wamebaki wachache."

"Ng'ombe alifuata nini juu ya mkia wa ndege?"

"Niulize ya boliti, bwana. Ya ng'ombe sijui."

Chuquimia akakunja karatasi, akaitia kwenye kibiriti kitupu. Mlangoni akageuka.

"Umeshaenda kumwona mzee hospitalini?"

"Nitaenda."

"Lini?"

Noza akaokota spana ambayo haikuwa na kazi yoyote pale. "Miaka ishirini na sita namfungia boliti, na kila akiruka ananipungia mkono bila kutazama nyuma. Nitaenda nikishajua nimwambie nini."

*

Hospitalini mzee Delmiro Cuéllar alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, na mezani sufuria tano zilizoletwa na wanawake watano tofauti. Alikuwa na miaka sitini na moja na hakuwahi kuoa. Kwa nini, mji mzima ulijua, isipokuwa yeye.

"Mtu wa milimani!" alipiga kelele. "Karibu. Usinichekeshe, mbavu zinauma. Kaa, kula. Kuna wali wa nyama kavu, kuna kuku, na hicho kingine hata mimi nimekiogopa."

Chuquimia aliketi akafungua daftari. "Nimekuja kwa mkia."

"Mkia ni mimi. Andika. San Crispín uwanja ulikuwa na tope, nikataka kuigeuza ndege mwenyewe. Nikashika bawa dogo la kushoto, nikanyanyua. Nikasikia *ka!* Nikajifanya sijasikia. Ujinga wa uzee. Fundi hausiki."

"Ulinyanyua."

"Kwa mikono hii miwili, enzi zilipokuwa mbili."

"Kuelekea juu."

"Sasa mtu ananyanyua kuelekea wapi, bwana? Huko kwenu mnanyanyua kwenda chini?"

"Kishikizo kimepinda chini, mzee."

Delmiro akafunika sufuria moja. Nje dirishani muuza maziwa akapita akiimba bei yake.

"Basi nilitua vibaya," alisema. "Nilipofika kule Jumamosi. Nilitua kama gunia."

"Ungetua kama gunia, springi ya gurudumu la nyuma ingeumia kwanza. Nimeipima, ni nzima. Una ungamo la tatu?"

"Nipe muda."

"Asubuhi Noza naye ameungama. Kila ninakokwenda watu wananishika mkono wanataka niwaandike. Kazini kwangu miaka kumi na minane, kwa kawaida wananikimbia."

Mzee alitazama mkono wake uliofungwa. "Anaendeleaje Casiano?"

"Hajanyoa."

"Haji kuniona."

"Anaona aibu."

"Mjinga yule." Ilimtoka kwa sauti ndogo sana. Akainua glasi, akanywa maji. "Unajua mimi sijawahi kukagua kazi yake? Sheria inasema rubani azunguke ndege, aguse hiki, aguse kile. Mimi nazunguka na kikombe cha kahawa, natazama mawingu. Akishasema Casiano ni nzima, ni nzima. Hilo andika, hilo ni la kweli."

Chuquimia aliandika. "Ulifika San Crispín Jumamosi. Upepo wa kusini ukaja lini?"

"Jumapili, mkesha wa Mtakatifu Yohana. Baridi, manyunyu, siku tatu. Ukakoma Jumanne usiku."

"Ndege uliifungaje?"

"Kamba zangu za nailoni. Moja kila bawa kubwa, moja kwenye pete ya gurudumu la nyuma. Ndivyo ninavyofunga siku zote."

"Hukufunga kitu chochote juu ya bawa dogo?"

"Kwa nini nifunge huko? Pale hapafungwi."

"Jumatano jua likatoka. Wewe ukaondoka Ijumaa. Siku mbili ulikuwa unafanya nini?"

"Tope. Na redio ilisema upepo unarudi. Ercilia aliisikia. Bi Ercilia, mwenye ranchi."

Mpelelezi akafungua kibiriti, akamwonyesha zile nywele. "Zilikuwa kwenye mkunjo wa bawa. Umewahi kuona huko ng'ombe wa rangi hii?"

Mzee aliinama kutazama. Mwanzoni alitazama kama mtu anayetazama nywele. Kisha mkono wake mzima ukashika ukingo wa kitanda. Akanywa maji. Akanywa tena, na glasi ilikuwa imekwisha.

"Hapana," alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna ng'ombe kama huyo San Crispín. Andika kwamba nilinyanyua mkia. Andika nilikuwa nimelewa. Andika unalotaka, mtu wa milimani, mradi liwe langu."

Chuquimia alifunga daftari. Kwa mtu aliyemwona akidanganya mara tatu kabla ya chakula cha mchana, alimpa mkono kwa heshima kubwa.

*

Kufika San Crispín ni dakika arobaini kwa ndege, na Chuquimia alizitumia zote akiwa ameshika mlango. Wengi huogopa ndege ndogo kwa kuwa hawazijui. Yeye alizijua mno.

Bi Ercilia Justiniano alikuwa anamngoja ukingoni mwa uwanja, kofia ya majani kichwani na aproni kiunoni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mnyoofu kama nguzo ya zizi.

"Ndiwe wa serikali? Maskini! Mbona umekonda hivi? Huko milimani mnakula mawe?"

Chuquimia hakuwahi kukonda tangu abatizwe, lakini hakubisha. Kabla hajafungua daftari alikuwa mezani jikoni, mbele yake sahani ya ndizi zilizopondwa na nyama kavu.

"Anakula?" Bi Ercilia aliuliza, amempa mgongo, anakoroga sufuria.

"Nani, mama?"

"Huyo mgonjwa wenu."

"Anapelekewa sufuria tano kila siku."

Mwiko ukasimama. "Za nani?"

"Sikuuliza."

"Wewe ni mpelelezi wa namna gani sasa?" Akaendelea kukoroga, kwa nguvu kuliko sufuria ilivyohitaji. "Supu ya mfupa wanampa? Mfupa unaungwa na supu ya mfupa. Wale wa mjini watampa kuku. Kuku ana mfupa gani wa kumsaidia mtu?"

"Nitawaambia. Mama, ndege ilisimama wapi siku za upepo?"

"Pale." Alionyesha kwa mwiko kupitia dirishani. "Nyuma ya zizi, karibu na ule mhimili."

Mhimili ulikuwa wa mti mgumu, umezama ardhini, wa kufungia madume. Chuquimia alitoka akautazama. Kiasi cha kimo cha goti palikuwa na mfuo mpya umekula mti, upana wa vidole viwili. Alipima kwa futi yake ya chuma, akaandika, akarudi.

Safari hii hakuketi kwenye kiti alichokuwa amekalia. Alikitazama kwanza. Vilikuwapo viti vitatu vya ngozi kuukuu, iliyokwisha manyoya, na kimoja cha ngozi mpya ambayo bado ilikuwa na nywele zake. Ngozi nyekundu yenye mistari myeusi.

"Ngozi nzuri," alisema.

"Ya dume letu la kale la mkokoteni. Alivunjika mguu, tukamchinja kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Nililia kama mtoto, na nyama yake nikala sahani mbili."

"Kona moja imepungua."

"Nilikata ukanda pale pale kabla haijakauka." Akageuka, na usoni alikuwa na fahari kidogo. "Ulikuwa mkesha, upepo unavuma, na yule mzee amefunga ndege yake kwa vikamba vya nailoni, vya kuanikia nguo. Akaenda kulala anakoroma. Mimi usingizi hauji. Nasikia bati linalia huko nje. Nikajifunga shuka, nikachukua ukanda, nikapitisha juu ya kile kibawa cha nyuma, nikakaza kwenye mhimili. Mizunguko mitatu. Upepo ungechukua nyumba, ndege ingebaki."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili anicheke? Yeye anajua ndege, mimi najua upepo."

"Ukaufungua lini?"

"Ijumaa alfajiri, kabla hajaamka. Ulikuwa umebana, ikabidi nikate kwa kisu."

"Upepo ulikoma Jumanne."

"Ndiyo."

"Jumatano jua kali."

"Kali sana."

"Alhamisi?"

"Kali." Bi Ercilia akafunika sufuria, akafunua, akafunika. "Palikuwa na tope uwanjani."

"Yeye amesema redio ilitangaza upepo unarudi. Aliyeisikia ni wewe."

"Redio inasema mambo mengi."

Chuquimia aliacha hilo lipite. Alisukuma sahani pembeni, akaunganisha mikono yake juu ya meza.

"Mama, nataka unifundishe jambo. Gurudumu la mkokoteni likilegea, mbao zinacheza, hapa mnafanyaje?"

"Huko kwenu hamna mikokoteni?"

"Nifundishe."

"Unachukua ngozi mbichi, unaizungushia gurudumu ikiwa imelowa, unaliacha juani. Siku mbili. Ngozi ikikauka inajivuta, inabana, hata shetani hafungui. Mume wangu aliwahi kufunga hivyo mguu wa ndama uliovunjika, akakaza mno, tukakuta mfupa umesagika kama..."

Hakumaliza. Mwiko ulikuwa mkononi, mchuzi ukidondoka sakafuni.

Mpelelezi akauchukua mwiko, akauweka mezani. Katika kazi yake mtu akishaanza kuhesabu mwenyewe, humsaidii kuhesabu.

"Jumatano," alisema Bi Ercilia. "Na Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

"Nimemvunja."

"Umevunja kishikizo cha chuma cha ukubwa wa kiganja. Yeye kavunjika mtulinga, nao unaunga. Asubuhi ya leo alinitukana vizuri tu."

Bi Ercilia akaketi juu ya gogo la kukatia nyama. Akainamia aproni yake, akaukunja ukingo wake. Alipoinua uso hakulia, ila sauti ilikuwa imepungua.

"Ameshajua?"

"Nadhani nilipomwonyesha nywele alijua. Tangu hapo ananisihi niandike kwamba alikuwa amelewa."

"Delmiro? Hanywi hata mvinyo wa kanisani!"

"Ndiyo maana sikumwandika. Lakini lazima nimwandike mtu. Kesho saa sita mchana fundi Noza anavuliwa ruhusa yake. Anaamini ni yeye aliyemwangusha rafiki yake. Hajanyoa, hali, na hospitalini hajakanyaga." Alitoa kalamu. "Ninachohitaji ni maelezo yako. Naweza kuandika 'mtu mmoja wa ranchi, bila kujua.' Itatosha."

"Ranchi hii ina watu wanne, na wawili ni wapishi. Kesho mbuga nzima itawatazama wale wanawake kwa jicho baya." Bi Ercilia akasimama, akavua aproni. "Andika Ercilia Justiniano. Andika alifunga pasipofungwa, kwa kitu kisichofungiwa, na alipoona jua hakufungua. Na ule ukanda ninao, nitakupa. Saa ngapi sasa?"

"Kumi na moja kasoro dakika tano."

"Vizuri. Saa yetu ya redio."

*

Redio ya San Crispín ilikuwa kwenye rafu, kati ya picha ya Bikira Maria na debe la chumvi. Saa kumi na moja jioni ranchi zote za upande huo huwasha redio kwa pamoja, na yeyote anayezungumza na Trinidad, anazungumza na jirani zake wote arobaini. Watu wameposwa kwa redio hiyo, na wameachwa pia.

Chuquimia alitangulia kwa sauti ya serikali. "Trinidad, hapa San Crispín, Mpelelezi Chuquimia. Nina maelezo ya shahidi ya kupeleka La Paz. Yaandikwe neno kwa neno."

"Trinidad hapa, Yolita nasikia," alijibu mama wa redio wa uwanja wa ndege. "Kalamu ninayo."

"Fundi Noza aitwe."

"Yupo hapa mlangoni. Amekuja kuuliza kama karatasi yake imeshatiwa sahihi."

Mpelelezi alitaka kuendelea, lakini Bi Ercilia alikuwa ameshamnyang'anya kipaza sauti.

"Casiano, mwanangu. Ni Ercilia. Nisikilize, na wengine wote najua mnasikiliza, basi sikilizeni vizuri. Mkia wa ndege ya Delmiro uliuacha mzima. Niliuvunja mimi. Mkesha wa Mtakatifu Yohana niliufunga kwa ngozi mbichi kwenye mhimili wa zizi. Ngozi ikakauka ikauvuta siku mbili, mpaka chuma kikapasuka. Mwenyewe hakujua, na wewe hukukosea kitu. Yolita, umeandika?"

"Naandika, Bi Ercilia. 'Mpaka chuma kikapasuka.'"

Mlio mkavu ukakatiza, kisha sauti ya bibi kizee: "San Crispín, hapa Pura wa ranchi ya Mapajo. Ercilia, ngozi mbichi? Tangu utoto wako unajua inavyojivuta!"

"Nyamaza, Pura, natoa ushahidi."

"Na upepo ulikoma Jumanne! Mbona mpaka Ijumaa?"

Redio ikabaki inavuma tupu. Chuquimia akainama kufunga kamba ya kiatu chake, ambayo haikuwa imefunguka.

Bi Ercilia alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Casiano," alisema. "Ukienda kumwona, mwambie redio haikusema kitu juu ya upepo kurudi. Nilisema mimi. Mwambie hivyo hivyo tu, ataelewa."

Hakuna ranchi iliyojibu. Hata Pura alikaa kimya, na hilo Mapajo bado wanalisimulia.

"Trinidad," Chuquimia aliita mwishowe, "fundi amesikia?"

"Amesikia," alisema Yolita. Kwa nyuma yake kulisikika injini ndogo ikinguruma. "Ila msimwulize kitu sasa hivi. Ametoka mbio, ameshavuka barabara ya hospitali. Pikipiki yake kaiacha hapa mlangoni inawaka, na mimi sijui inazimwaje."